Mkeka wa Kilwa na Hesabu ya Siku

Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa Kisiwani, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, alifukua vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Ni vitu vidogo, vya kuenea kiganjani. Ukivikuta ufukweni utavikanyaga upite zako. Kazi yake ilikuwa kusokotea pamba: kijiti kinapita kwenye tundu, kigae kinakipa uzito, uzi unajisokota. Mji aliouona msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala, ulijisokotea uzi wenyewe. Karne ya 19 ikaja na kitambaa cha merikani cha viwanda vya Massachusetts, ikaenea pwani nzima. Leo kanga inayovaliwa Kilwa Kivinje hutoka kiwandani.

Nayasema haya kwa sababu kila maonyesho ya ujasiriamali lazima atokee msemaji wa kutuhakikishia kuwa ususi wa mikeka hautakufa, maana ni utamaduni wetu. Pamba nayo ilikuwa yetu.

Mkeka una kazi nyingi kuliko mnunuzi anavyodhani. Makuti ya mkindu hukatwa, huanikwa, huchanwa kuwa chane nyembamba; nyingine huchemshwa na rangi. Msusi huzilowesha kidogo zisikatike, kisha vidole huanza, chane juu, chane chini, hadi utoke ukili: utepe mwembamba unaorefuka siku baada ya siku na kuviringishwa kama mshipi. Ukili ukitosha, hushonwa ukingo kwa ukingo. Mkono ukilegea mahali pamoja tu, mkeka hupinda, na mama mkubwa yeyote atakuonyesha pale pale ulipokosea.

Ufundi wa mkono uliosahaulika huweza kufufuka, lakini tazama jinsi unavyofufuka. Huko Norwei, katika kaburi la merikebu ya Oseberg la mwaka 834, zilikutwa nyuzi bado zimepita kwenye vibao 52 vyenye matundu, mshipi haujamalizika. Ufumaji huo wa vibao umefufuka Ulaya na Marekani, na wanaoupenda ni wengi. Lakini wengi wao hufuma jioni, baada ya kazi inayowalipa mshahara, kwa hiyo hakuna haja ya kuhesabu saa. Wanaotaka mikeka yetu iokolewe kwa njia hiyo hiyo, kwa makumbusho na watalii, wanasahau kuwa msusi wa Kilwa ana ada ya shule ya kulipa.

Kinachoupa mkeka uhai mpaka leo ni shughuli. Msiba ukitokea, mikeka hutandikwa kabla hata ya chai kuwekwa motoni. Nikahi vivyo hivyo, na maulidi. Hapo ndipo mkeka wa plastiki ulipoingilia: una rangi kali, unafutika kwa kitambaa, haushiki unyevu. Simlaumu anayeununua. Mwaka 2019, tarehe 1 Juni, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, nilidhani zamu ya kikapu cha kusuka, ndugu wa mkeka, imefika. Mifuko laini ya bei poa ikajaza masoko upesi, kikapu kikabaki kining'inia.

Kwa maoni yangu kosa liko kwenye bei. Mkeka huuzwa kama kitu kimoja, na mnunuzi hupunguziwa hadi siku za kusuka zinakuwa bure kabisa. Afadhali ukili uuzwe wenyewe kwa pima, kama kitambaa kinavyouzwa kwa mita. Washonaji wa mikoba na viatu huko Dar es Salaam wanautumia tayari, na pima moja ina siku zake zinazohesabika. Vikundi vya akina mama vinaweza kukubaliana bei ya chini na kuisimamia, bila kungoja mradi wala kiongozi wa kukata utepe.

Nawe msomaji, ukipita Kilwa Masoko kuelekea mashua ya Kisiwani ukapenda mkeka, muulize bibi alitumia siku ngapi. Akishakujibu, ndipo utaje bei yako.