Shika Boneti Kwanza: Somo la Discovery ya Anko

Video iliyotazamwa zaidi kwenye chaneli yangu ndiyo ninayoijutia zaidi. Ni ya dakika mbili tu. Anko wangu anapewa funguo za Discovery 4 nyeusi, dizeli, V6 ya lita 3.0, na mimi niko nyuma ya simu nikipiga kelele kama nimeshinda bahati nasibu. Watu waliipenda sana. Mwalimu mstaafu, miaka 34 ya kushika chaki, hatimaye ameingia ligi ya wakubwa. Nani hangependa?

Ile siku, kabla ya kulipa, Anko aliniuliza, "Wewe ndiye unajua mambo ya mitandao. Hii gari iko sawa?" Nikamwambia, "Chukua, Anko. Iko fiti." Nilikuwa nimeangalia nini? Rangi, viti vya ngozi, na vile itakaa kwa video. Basi.

Miezi saba baadaye injini ilizima ghafla kati ya Mai Mahiu na Naivasha. Hakuna taa iliyowaka mapema, hakuna kuchemka. Ilizima tu, na haikuwaka tena. Fundi alipoifungua alikuta krankshafti imekatika vipande viwili. Leo ile milioni mbili na nusu iko nyumbani imefunikwa turubai, kuku wanalala chini yake, na Anko anapanda matatu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Hiyo ndiyo inaniuma.

Kwa hivyo leo niko na maoni, na najua kuna watayarishaji wenzangu hawatafurahi. Sisi vijana tumefanya hizi gari kubwa zionekane kama cheti cha kufaulu. Tunakodisha Range Rover ya masaa mawili, tunapiga picha, tunarudisha. Mtu mwingine anaona, anauza ploti, ananunua ya kwake. Sisemi usinunue. Nasema ukinunua gari ya kifahari iliyotumika, umenunua na mahitaji yake yote. Bei imeshuka kwa sababu gari imezeeka, lakini spea hazijashuka. Kwa Discovery 3 na 4, kuna kazi za injini, kama kubadilisha tabo, ambazo mafundi wengi huinua bodi yote kutoka kwa chesisi ndio wafike pale. Piga hesabu ya hiyo siku ya gereji.

Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa pili, na haikuwa kozi ya magari. Lakini tangu ile siku ya Mai Mahiu nimekaa gereji kuliko nilivyowahi kukaa darasani, nikiuliza maswali niliyofaa kuuliza mapema. Haya ndiyo niliyotoka nayo.

Shika boneti kabla ya kusalimiana. Fika asubuhi, na ukikuta boneti ina joto, uliza kwa nini. Injini ya dizeli ikiwa na joto huficha madhambi mengi. Unataka kuiona ikiamka baridi. Inawaka haraka ama inahangaika? Kuna mgongo wa chuma unaosikika ukigonga huko chini? Angalia nyuma: moshi wa bluu ni oili inaungua, mweusi mzito ni injekta, tabo ama hewa haifiki vizuri, mweupe usioisha hata injini ikishapata joto unaweza kuwa maji ya redieta yanaingia mahali hayafai. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Mvuke kidogo ni kawaida. Ikipumua kama sufuria ya githeri, funga, sema asante, nenda nyumbani.

Tafuta historia yake, usiisome kwa dashibodi. Discovery ya Anko ilisoma 96,000. Tukafurahi, "kilomita kidogo hivyo!" Kosa la kwanza: gari iliyotoka Uingereza husoma maili. Maili 96,000 ni kilomita zaidi ya 154,000. Kosa la pili ndilo lililotumaliza. Kwenye droo ya dashibodi kulikuwa na risiti ya zamani ya gereji ya huko Uingereza, ikiwa na namba ya usajili ya kule. Serikali yao ina ukurasa wa bure ambapo unaandika ile namba, na unaona majaribio ya MOT iliyofanyiwa kila mwaka, pamoja na maili ilizokuwa imetembea. Tuliandika baada ya injini kufa. Jaribio la mwisho, mwaka 2017, kabla haijapanda meli: maili 121,000. Mtu aliirudisha nyuma. Ile risiti ilikuwa pale siku tuliyopiga video. Ingetuchukua dakika tano. Kama gari imetoka Japan, omba cheti cha kusafirishia nje na ulinganishe kilomita.

Uliza habari za oili kama polisi. Hizi V6 za 2.7 na 3.0 zinajulikana dunia nzima kwa beringi za krankshafti kuisha na krankshafti yenyewe kukatika. Si kila moja itakatika, na kuna zinazotembea miaka bila shida. Lakini unapunguza hatari kwa kujua imetunzwaje. Ratiba ya kiwandani iliruhusu zaidi ya kilomita 20,000 bila kubadilisha oili. Wamiliki wenye akili hubadilisha kila 10,000 ama chini, na wanatumia oili ya aina iliyoagizwa, si ile ya bei ya kuridhisha. Omba risiti. Muuzaji akikubali, oili imwagwe, filta ikatwe na ifunguliwe kama sambusa. Ukiona vumbi la chuma linang'aa, hiyo ni barua ya kifo. Uliza pia belti za taimingi, kwa wingi, kwa sababu ziko mbili: ya mbele, na ya nyuma inayozungusha pampu ya dizeli. Fundi mvivu hubadilisha ya mbele pekee.

Iache ilale. Saspensheni ya hewa ni tamu mpaka ianze kuvuja. Inua gari mpaka juu, shusha, inua tena, na usikilize kompresa. Ikinguruma muda mrefu ama ikiinuka polepole, andika hiyo gharama. Kisha omba kuiona kesho yake asubuhi kabla haijawashwa. Kona moja ikiwa imelala kama ng'ombe mgonjwa, kuna uvujaji. Ukiwa pale, vuta breki ya mkono ya umeme mara kadhaa. Mlio wa kukwaruza ni ugonjwa unaojulikana wa hizi gari. Halafu ingia chini na tochi. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na ile chumvi hula chesisi na mabomba ya breki polepole.

Jua hali ya DPF. Hiki ni kichujio cha masizi ndani ya ekzosi. Kinajisafisha kwa kuchoma masizi, na kinahitaji safari ndefu yenye kasi. Sasa wewe unaenda Umoja mpaka CBD kwa jam ya saa moja na nusu kila siku. Itajisafisha saa ngapi? Ndio maana wengi hukitoboa na kudanganya kompyuta. Uliza kama bado kipo. Na ujiulize kweli kama maisha yako ni ya dizeli.

Lipa fundi wako, si wa yadi. Aje na mashine ya kuskani, asome kompyuta zote, na aangalie kama makosa yalifutwa juzi. Mlipe pesa sawa gari ikiwa nzuri ama mbaya, ndio asiwe na sababu ya kukudanganya. Tuliambiwa kazi hiyo ni elfu nane. Tukaona ni pesa nyingi. Elfu nane!

Karatasi. Fanya upekuzi wa gari kupitia eCitizen kabla ya kutuma hata shilingi. Jina kwa logbook ni la anayekuuzia? Kuna benki ama mkopeshaji ameandikwa pale? Gari iliyoingia bila ushuru, kama za ubalozi, lazima ilipiwe ikienda kwa mtu wa kawaida. La sivyo KRA wakikupata, hasara ni yako, si ya aliyekuuzia.

Na msinirukie na "si ungenunua tu Prado." Prado ni ngumu zaidi kufa, nakubali. Lakini ile ya dizeli ya lita 3.0, 1KD, ina kisa chake: washa za shaba chini ya injekta zikivuja, masizi yanaingia kwa oili na yanaweza kuziba kichujio cha chini. Injini inakosa oili, na unajua mwisho wake. Hakuna beji inayokupa ruhusa ya kutokagua.

Kanuni yangu sasa ni moja. Kama baada ya kulipa hutabaki na robo ya bei kama akiba ya ukarabati, hiyo gari si ya size yako bado. Haimaanishi umefeli. Vitz iliyolipiwa, inayowaka kila asubuhi, ina heshima kuliko Discovery inayolaza kuku.

Ile video sijaifuta. Anko alikataa. Alisema, "Wacha ikae, lakini useme na mwisho wake." Ndio huu. Na wewe mwenye mzazi, shangazi ama anko anayeenda yadi Jumamosi hii, akikuuliza "iko sawa?", usijibu na simu mkononi. Weka simu mfukoni, kisha ushike boneti.