Daftari la Nyakeo na Fasihi ya Kutisha

Mwalimu wa fasihi akiwaomba wanafunzi wake, katika shule yoyote ya Kisii au Nyamira, wamsimulie kisa cha kutisha, hatangoja. Mikono itainuka darasa zima. Nimeyashuhudia hayo kwa miaka niliyofundisha karibu na Keroka, na mara nyingi kengele ilitukuta tungali njiani tukifukuzwa na zimwi. Nililochelewa kulitambua ni kwamba visa vile havikuwa vya aina moja, na kwamba tofauti baina yao haikuwa ya kitaaluma tu.

Aina ya kwanza ni ngano za mazimwi. Msichana akataa wachumba wote wa kijijini, aolewa na mgeni mtanashati, kisha agundua kuwa mumewe ana kinywa cha pili kisogoni. Kisa hiki hakina kwao. Hujulikana pwani na bara. Fanani hutupeleka hapo zamani za kale kwa maneno maalumu, na kwa maneno maalumu huturudisha nyumbani. Hofu ya ngano ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mtoto hulala akijua kwamba zimwi limebaki huko huko liliko.

Aina ya pili ni visa vya wakimbiaji wa usiku, nayo Gusii imejaliwa utajiri mkubwa. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa kwamba ule moto unaomulika na kuzimika mlimani ni chungu ambacho mchawi hukifunua na kukifunika akikimbia uchi. Ajabu ya visa hivi ni kwamba hutisha na kuchekesha kwa pamoja. Mkimbiaji huchoma matako kwa upupu, au hufumaniwa na mlevi asiyemwogopa mtu. Tena hana jina. Ni jirani fulani, wa kijiji fulani, ng'ambo ya mto.

Aina ya tatu haina mwanzo maalumu wala mwisho maalumu. Ina jina la mtu, nyumba yake, mtoto aliyeugua na siku aliyougua. Hapa wasikilizaji si hadhira tena, bali ni baraza la kuhukumu. Neno omorogi, ambalo katika aina ya pili ni jina la mhusika, katika aina hii huwa hati ya mashtaka.

Mnamo Mei 2008 kundi la watu lilipita nyumba kwa nyumba katika eneo la Nyakeo, Kisii, likiwa na orodha ya majina. Wazee 11 waliuawa kwa kuchomwa moto, wanawake wanane na wanaume watatu. Wanakijiji waliwaambia waandishi wa habari kwamba katika shule ya msingi ya hapo palikuwa pameokotwa daftari, na kwamba ndani yake mliandikwa kumbukumbu za mkutano wa wachawi pamoja na majina ya wale watakaorogwa baadaye.

Naomba msomaji atue kidogo kwenye daftari hilo. Kumbukumbu za mkutano ni utanzu tunaoufundisha sisi wenyewe katika uandishi wa kiuamilifu: waliohudhuria, ajenda, mambo yaliyotokana na mkutano uliopita. Aliyeliandika daftari lile, awe nani, huenda aliufahamu utanzu huo. Na hati iliyookotwa ni mbinu kongwe kabisa ya fasihi ya kutisha. Horace Walpole, Mwingereza anayehesabiwa kuwa mwasisi wa riwaya za namna hiyo, alipochapisha The Castle of Otranto mwaka 1764 alidai kuwa ni tafsiri ya kitabu cha kale cha Kiitaliano kilichogunduliwa katika maktaba ya familia moja. Mwaka uliofuata, katika toleo la pili, alikiri kwamba alikitunga mwenyewe. Bram Stoker naye aliijenga Dracula, mwaka 1897, kwa shajara, barua na simu za maandishi. Maandishi humfanya msomaji aamini. Walpole alikiri, na wasomaji wake hawakupungukiwa na kitu. Nyakeo hapakuwa na toleo la pili.

Riwaya ya Kiswahili imelijua jambo hili tangu zamani. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, aliweka maiti mahali panapoogopwa kwa ajili ya mizimu, kisha akamleta Bwana Msa na kiko chake aulize maswali hadi muuaji wa damu na nyama apatikane. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimfufua mzuka, lakini mzuka huyo humwandama mkubwa aliyewasahau wanyonge. Katika vitabu hivyo viwili kidole hakielekezwi kwa ajuza maskini. Mtu akiviweka kando ya kisa cha aina ya tatu, ataona mara moja ni yupi anayeogopwa na ni yupi anayefaidika.

Wapo watakaoniambia kwamba ninakuza maneno na kusahau mashamba. Kweli, katika nyanda zetu ardhi imegawanywa hadi imekuwa vijisehemu, na mjane mzee aliyekalia robo ekari ana warithi wasio na subira. Mauaji yaliyoenea Gusii mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo msomi Justus Ogembo aliyaandikia kitabu mwaka 2006, yalitokea wakati wa dhiki na hofu nyingi nchini. Lakini mwenye kutamani shamba hawezi kuwakusanya majirani usiku kwa kuwaambia kuwa analitamani shamba. Lazima awe na kisa. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1925, ilimwekea adhabu anayejidai mchawi na vilevile anayemsingizia mwenziwe. Hata hivyo, mnamo Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa Marani kwa shutuma zile zile.

Wengine, hasa wazazi wacha Mungu, hutaka visa vya kutisha viondolewe shuleni. Siafikiani nao hata kidogo. Visa hivyo vitasimuliwa tu, jikoni, mtoni na kwenye matatu, bila mwalimu wa kuuliza nani anasimulia na kwa nini leo.

Nami nina deni langu. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi insha ya kisa cha kusisimua. Mvulana mmoja aliandika kuhusu usiku, mbwa waliokataa kubweka, na mwanamke aliyesimama mlangoni pa jirani akiwa na kitu mkononi. Nywele zilinisimama. Katika aya ya mwisho alimtaja mwanamke huyo kwa jina lake kamili. Nilimjua, aliuza ndizi kando ya barabara, hatua chache kutoka lango la shule. Nilimpa mvulana alama 17 kwa 20, na pambizoni nikaandika kwa wino mwekundu kwamba taharuki imejengwa vyema. Juu ya jina sikuuliza neno. Nilimrudishia daftari, naye akalipitisha kwa wenzake walisome.