Wasemao Maji Hupotea Baharini

Liko neno moja ambalo hulisikia mara kwa mara, tena katika vinywa vya watu waliosoma: ati maji ya mto yakifika baharini yamepotea bure, na mto ufurikao ni adui wa kufungiwa mlango. Neno hili lina sura ya hekima, ndiyo maana limeenea. Nami nalipinga, kwa kuwa walisemao huyatazama maji tu, wala hawatazami kilichomo ndani yake.

Chota maji ya Rufiji wakati wa masika, uyatie katika chupa ya kioo, uyaache yatulie usiku kucha. Asubuhi utaona tope laini chini ya chupa. Tope lile ndilo mali. Mimea yahitaji sana naitrojeni na fosforasi, na vyakula hivi viwili havisafiri kwa njia moja. Fosforasi, sehemu yake kubwa, hushikamana na chembe za udongo. Liendapo tope, nayo huenda. Naitrojeni iliyo katika hali ya naitreti huyeyuka ndani ya maji, nayo mvua za kwanza huisukuma kutoka ardhini hata mtoni. Wakati wa kiangazi mto hupita mwembamba na mpole, hauna nguvu ya kuinua udongo. Lakini siku chache za mafuriko zaweza kuchukua tope jingi kuliko miezi mingi ya maji haba. Basi azizuiaye siku zile chache asijisifu kwamba amezuia hatari tu, maana amezuia shehena ya mwaka.

Maji yakivuka kingo na kutambaa bondeni, mwendo wake hupungua, na tope hutua. Hapo ndipo Warufiji hupanda mlau, yaani mazao yapandwayo maji yakiisha kujitenga, katika unyevu ulioachwa na mto, pasipo kununua mbolea. Kilichobaki huendelea hata mikoko ya delta, kisha hata bahari ielekeayo Mafia, ambako vijimea visivyoonekana kwa macho hukila, na wadudu wa baharini huvila vijimea hivyo, hata tukafikia kamba na samaki. Je, hayo ndiyo maji yaliyopotea?

Asemaye kwamba haya ni maneno ya mwalimu na ubao wake, na atazame Misri. Zamani Mto Nile ulileta zaidi ya tani milioni 100 za tope kila mwaka, karibu zote katika miezi ya gharika. Mwaka 1964 Bwawa Kuu la Aswan lilianza kuyashika maji, na ujenzi wake ukamalizika mwaka 1970. Tope likabaki nyuma ya ukuta. Wavuvi wa dagaa wa Bahari ya Kati, waliopata kama tani 18,000 mwaka 1962, baada ya miaka michache tu hawakufikisha hata tani 1,000. Hakuna aliyewatilia sumu. Chakula cha vijimea hakikushuka tena na mto.

Watetezi wa mabwawa hujibu upesi kwamba samaki wa Misri walirudi baadaye. Ni kweli, walirudi katika miaka ya 1980. Lakini waulize walirudi kwa chakula gani! Wataalamu waliochunguza jambo hili waliona kwamba ni mbolea ya dukani iliyochuruzika kutoka mashambani, pamoja na maji machafu ya miji mikubwa. Kitu kilicholetwa bure na mto sasa hununuliwa kwa fedha, na sehemu yake hupita chooni. Sikatai kwamba bwawa lile liliisaidia sana Misri katika ukame wa miaka hiyo hiyo ya 1980. Nakataa kuambiwa kwamba faida ile haikuwa na bei.

Sasa turudi Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024. Masika ya mwaka huo mafuriko yaliharibu nyumba na mashamba katika Rufiji na Kibiti, watu wakahama kwa huzuni. Tangu hapo wako wasemao kwamba mto ufungwe kabisa, usifurike tena. Nawasikitikia waliopoteza mali, wala siwezi kusifu gharika ijayo usiku pasipo habari. Lakini gharika ya namna hiyo si moja na maji yafunguliwayo kwa majira yajulikanayo, kwa kiasi kilichopimwa, baada ya vijiji vyote kutangaziwa. Bwawa lina milango. Najua kwamba tope zito litakuwa limezama ndani ya bwawa, wala milango hailirudishi lote; hata hivyo maji hayo yatalilowesha bonde, yatajaza mabwawa ya samaki wa kando ya mto, yatapunguza chumvi penye mikoko, na kile kilichoyeyuka ndani yake kitafika baharini.

Kwa hiyo nataka jambo moja kwa hao wapigao hesabu. Megawati 2,115 zimekwisha kuandikwa kila mahali. Katika ukurasa ule ule na yaandikwe magunia ya mpunga wa bondeni, mahindi ya mlau na vikapu vya kamba wa delta, mwaka kwa mwaka, kabla ya bwawa na baada yake, nao Warufiji wasomewe hesabu hiyo barazani kabla ya mtu yeyote kuwaambia kwamba maji yao yalikuwa yakipotea.