Upepo Huingia Dirishani, Ukatoka na Paa

Mvua za Kampala zina misimu miwili, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Novemba. Kila msimu ufikapo, hapakosi mapaa ya shule, ya maduka na ya nyumba za watu yanayong'olewa na kutupwa katika shamba la jirani. Watu hukusanyika, hutikisa vichwa, husema kwamba upepo ulikuwa mkali, na maneno yakaishia hapo. Lakini mara nyingi upepo huo huo umepita juu ya nyumba ya pili pasipo kuondoa hata bati moja. Tofauti ya nyumba hizo mbili yastahili kuelezwa, hasa kwa jamaa za askari wanaojiandaa kujenga kwa fedha za kiinua mgongo, kwani fedha hizo hutolewa mara moja tu.

Sajini mmoja aliyebakiza miezi michache astaafu anajenga nyumba ya vyumba vitatu huko Ggaba, juu kidogo ya ziwa. Mdogo wake afanyaye kazi Florida, Marekani, alimpelekea picha za mapazia ya dhoruba, yale yanayoshushwa kwa mota. Sanduku jembamba hufungwa juu ya dirisha, na ndani yake mna kitambaa kigumu kilichofumwa kwa nyuzi za plastiki zenye nguvu na kuviringishwa juu ya bomba. Mota imo ndani ya bomba lenyewe. Mwenye nyumba akibonyeza kitufe, kitambaa hushuka huku kingo zake zikiteleza katika reli mbili zilizofungwa ukutani, hata dirisha zima au baraza nzima ikafunikwa.

Sajini alivutiwa mno. Alipomwonyesha mkewe, mama huyo alizitazama picha kwa makini kisha akauliza, "Baba watoto, dhoruba ikija na umeme ukakatika, pazia hili litashushwa na nani?"

Hakuuliza kwa ubishi. Amelelewa katika makao ya polisi, ndani ya vile vijumba vya duara vya bati ambavyo askari huviita "mama ingia pole", naye anaijua sauti ya upepo juu ya bati kuliko mafundi wengi. Jibu ni kwamba yako mapazia yenye betri ya akiba au mkono wa kuzungushia. Hata hivyo swali lake lilifungua jambo kubwa zaidi, yaani mapazia hayo hasa ni ya kazi gani.

Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga kilichoitwa Andrew kilipiga kusini mwa Florida. Nyumba zaidi ya 25,000 zilibomoka, na kambi ya jeshi la anga ya Homestead ikaharibiwa karibu yote. Wahandisi walipochunguza mabaki waliona kwamba katika nyumba nyingi, dirisha au mlango wa gereji ulivunjika kwanza, upepo ukajaa ndani, kisha ukaliinua paa kutoka chini. Ndiyo maana tangu 1994 kifuniko cha dirisha katika eneo la Miami hakina budi kupimwa kwa kurushiwa kipande cha mbao chenye uzito wa kilo 4 hivi, kwa mwendo wa kilomita 55 kwa saa. Lakini wahandisi hao waliona na jambo la pili, ambalo wauzaji wa mapazia hawana haraka ya kulitaja. Mbao za paa zilikuwa zimepigiliwa ovyo, na pini nyingine hazikuigusa hata mbao zilizokusudiwa kushika.

Hesabu ya nguvu hiyo si ngumu. Upepo uendao kilomita 100 kwa saa, ukizuiwa na kitu, hukisukuma kwa nguvu ya kilo 47 hivi kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 28 halizidi sana kilo 3 kwa mita hiyo hiyo. Chumba chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 3, dirisha lake likiwa wazi upande utokako upepo, huweza kulisukuma paa lake juu kwa nguvu ya kilo zaidi ya 400, yaani uzito wa watu wazima sita, ilhali mabati yenyewe hayafiki kilo 30 au huzizidi kidogo tu. Tena upepo upitao juu ya paa nao huvuta. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Kwa hesabu hiyo, yale mawe na matairi mabovu ambayo watu huyapanga juu ya mabati hayazuii kitu. Kazi yake ni kuwaangukia watoto.

Wako pia wanaoamini kwamba yafaa kufungua madirisha ili upepo upite. Hao wanaualika ndani mgeni ambaye hatatoka kwa mlango.

Ni kweli kwamba Kampala si Florida. Vimbunga vya bahari huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili vijizungushe, na karibu na Ikweta msukumo huo ni hafifu mno. Vilivyowafikia watu wa pwani yetu ni vichache: kile cha Aprili 1872 kilichoangamiza merikebu za Sultani wa Zanzibar pamoja na mikarafuu ya Unguja, kile cha Lindi cha 1952, na Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024. Dhoruba ya Ziwa Viktoria ni ya namna nyingine. Wingu zito hupanda, mvua huipoza hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo baridi huporomoka, ikagonga ardhi au maji na kutawanyika pande zote kwa kishindo. Mtu wa Florida huonywa siku mbili tatu mbele, akapata nafasi hata ya kwenda dukani. Mtu wa Ggaba huliona wingu jeusi ziwani, na pengine kabla hajamaliza kuanua nguo upepo umekwisha fika. Mara nyingi wakati huo baba yuko zamu, mama yuko sokoni, na nyumbani wamo watoto peke yao.

Kwa hiyo mume na mke walikwenda kumtazama fundi. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa juu ya madirisha. Sajini, aliyezoea ukaguzi, aliuliza swali moja tu: kenchi zitashikwa na nini ukutani?

"Afande, misumari inatosha," fundi alisema. "Na bati lenyewe ni zito."

"Zito kiasi gani?" mama akauliza. Fundi akacheka kidogo, asijibu.

Hapo ndipo nyumba nyingi hupotea. Bati hushikwa na mbao zilizo chini yake, mbao hizo hushikwa na kenchi, kenchi hushikwa na ukuta, na ukuta hushikwa na msingi. Penye kiungo dhaifu kuliko vingine ndipo paa litakapoachia. Msumari mmoja uliopigwa mshazari huzuia kenchi isiteleze, lakini hauizuii isiinuke. Yafaa ukanda wa chuma uzamishwe katika mkanda wa zege ulio juu ya madirisha wakati zege ingali mbichi, upande ukutani, upite juu ya kenchi na kupigiliwa misumari pande zote mbili. Nyumba ikiwa imekwisha jengwa, waya mnene huweza kupitishwa katika tundu lililotobolewa mistari kadhaa ya matofali chini ya paa, ukazungushwa juu ya kenchi na kukazwa. Kuufunga kwenye tofali la juu kabisa ni bure, maana tofali hilo litaruka pamoja na paa.

Mabati nayo yapigiliwe kwa wingi zaidi kingoni, yaani kwenye upenu, kwenye mgongo na kwenye ncha za pembeni, kwa sababu huko ndiko upepo huanza kuyafunua. Skrubu zenye mpira hushika kuliko misumari. Paa la baraza lafaa lijengwe mbali na paa kubwa, ili likiondoka liende peke yake. Paa la pande nne hustahimili upepo kuliko lile la pande mbili. Mtindo wa siku hizi wa kulificha paa la bapa nyuma ya ukuta hupendeza barabarani, lakini bapa ndilo linalovutwa sana na upepo.

Bei ya mapazia ya mota ilipolinganishwa na bei ya ukanda wa chuma, skrubu na mbao za vifuniko, sajini alikunja picha akazitia mfukoni. Mapazia ni kitu kizuri kwa mwenye nyumba ambayo paa lake limekwisha fungwa. Kwa ambalo halijafungwa, ni kununua kofia kabla ya shati. Kwa madirisha manne yanayoelekea ziwani, fundi aliagizwa vifuniko vya mbao vyenye bawaba imara na komeo la ndani. Mama alitoa onyo moja zaidi: nyumba ikifungwa hivyo, sigiri yenye makaa isiingizwe ndani hata kama mvua inanyesha, kwani moshi wake usioonekana huua watu usingizini.

Kisha akamwita mtoto wake wa miaka tisa, akamsimamisha kando ya dirisha, akamwambia ainue mkono. Fundi akatia alama ya penseli mahali vidole vilipofika. Komeo litafungwa hapo.