Raga: mwamuzi anaeleza kwa sauti, lakini Bunia nani anamsikia?

Shari, Bunia (Ituri) – Jumapili mchana, mtu akipita upande wa Shari atakuta vijana wanacheza mpira wa miguu kwenye kila kipande cha udongo kilicho tambarare. Mawe mawili ni goli. Kama mpira wa dukani hakuna, mifuko ya plastiki inafungwa kwa kamba na mchezo unaendelea. Watoto wa familia zilizokimbia Djugu na Irumu wako pale pamoja na watoto wa wakaaji, na kabla nusu saa haijaisha kelele za wote zinapanda: ilikuwa penalti, haikuwa penalti, mwamuzi ni ndugu yao.

Raga, ile ambayo redio za Kifaransa zinaita rugby, haipo kwenye viwanja hivyo. Wenye Canal+ wanaipata, wanatazama kidogo, halafu wanabadilisha. Ukiwauliza, jibu linafanana: filimbi inalia kila mara na mtu hajui ni kwa nini. Wengine wanaongeza kwamba waamuzi wa raga wameuharibu mchezo, kwamba Kombe la Dunia la 2023 liliamuliwa na kadi na video.

Jibu la kwanza ni la kweli kabisa. La pili ni nusu ya kweli, na inafaa liangaliwe vizuri, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo Bunia inaweza kulitumia hata kama hakuna mtoto mmoja wa Shari atakayecheza raga maisha yake yote.

Tuanze na ile fainali. Tarehe 28 Oktoba 2023, Stade de France, Afrika Kusini 12, New Zealand 11. Mwamuzi alikuwa Mwingereza Wayne Barnes. Kabla ya dakika ya 30, kapteni wa New Zealand, Sam Cane, alimgonga mpinzani kichwani kwa bega. Barnes alitoa kadi ya njano, kisha akaacha kazi kwa mwamuzi mwingine aliyekaa mbele ya skrini, ambaye kwa sheria iliyotumika mwaka ule alikuwa na dakika 8 za kuangalia. Njano ikageuka nyekundu. Kipindi cha pili kapteni wa Afrika Kusini, Siya Kolisi, naye aligonga kichwa cha mtu, naye akapewa njano, ikaangaliwa, ikabaki njano. Halafu Aaron Smith akaweka mpira chini na New Zealand wakashangilia trai. Video ikarudi nyuma, ikaonyesha kwamba mpira uliangushwa mbele mapema zaidi katika shambulio lilelile. Trai ikafutwa.

Mtu aliyezoea mpira wa miguu akisikia hayo atasema ni wizi. Kadi mbili kwa makosa yanayofanana, rangi tofauti, makapteni wawili, pointi moja. Lakini kila uamuzi ulisemwa kwa mdomo. Katika raga mwamuzi anavaa mikrofoni, na mazungumzo yake na wasaidizi wake yanasikika kwenye matangazo. Anasema ameona nini, anauliza swali lake kwa chumba cha video, anasikia jibu, anawaita makapteni na kuwaeleza. Mtu anaweza kubisha, lakini anabisha na sababu aliyoisikia. Habishi na mkono uliopunga tu hewani.

Hata hivyo haikuwaokoa watu wale. Tom Foley, aliyekuwa kwenye video siku ile, alitukanwa na kutishwa mpaka akaacha kusimamia mechi za kimataifa. Barnes mwenyewe alistaafu siku chache baada ya fainali, na alieleza wazi vitisho ambavyo watu wa kazi yake na familia zao wanavipata. Kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba watu wa raga ni malaika. Mwaka 2021 Rassie Erasmus, mkubwa wa ufundi wa Afrika Kusini, alirekodi video ya zaidi ya saa moja akionyesha makosa ya mwamuzi mmoja, na ilimletea adhabu ya kufungiwa. Na mwaka 1995, baada ya Afrika Kusini kuwashinda Wafaransa 19 kwa 15 katika nusu fainali ya Durban, kwenye mvua kubwa, mwamuzi Derek Bevan alipewa saa ya dhahabu na mkubwa wa raga wa Afrika Kusini kwenye karamu ya mwisho. Bevan hakufurahi hata kidogo. Wafaransa wanakumbuka saa ile kuliko mchezo wenyewe.

Kosa linalofundisha zaidi ni la Craig Joubert. Tarehe 18 Oktoba 2015, Twickenham, robo fainali ya Kombe la Dunia. Scotland walikuwa mbele ya Australia kwa pointi mbili, dakika zimebaki kidogo mno. Mpira ukamgonga mmoja, ukamgonga mwingine, Joubert akapuliza: penalti kwa Australia. Bernard Foley akapiga, 35 kwa 34, na Scotland wakarudi nyumbani. Filimbi ya mwisho ilipolia, Joubert alikimbia kutoka uwanjani bila kumpa mtu mkono. Kesho yake shirika la dunia la raga lilitangaza hadharani kwamba penalti haikustahili. Ilipaswa kuwa skrum, yaani wale watu wanane kwa wanane wanaosukumana wakiwa wameinama. Tena kwa sheria za wakati ule hakuruhusiwa kuita video kwa kosa la aina hiyo.

Hapo mtu anaweza kuona mambo mawili kwa wakati mmoja. Shirika lilikubali kosa ndani ya saa 24, jambo ambalo katika mpira wa miguu wa Afrika linasubiriwa kwa muda mrefu. Lakini Mscotland wa kawaida, aliyezaliwa na mchezo ule, alihitaji maelezo ya wataalamu ili ajue kwa nini ameonewa. Kama yeye alihitaji, mtu wa Bunia atafanya nini?

Shida ya raga iko hapa. Kwa hesabu ya juujuu sheria zake si nyingi kushinda zile za mpira wa miguu: kitabu cha raga kina sheria 21, cha mpira wa miguu kina 17. Tofauti ni uzito wa kila moja. Mpira wa miguu, mtoto wa miaka mitano anauelewa bila kuambiwa: usiguse kwa mkono, ingiza golini. Offside tu ndiyo inasumbua, na watu wazima bado wanagombana juu yake. Katika raga, pale ambapo wachezaji wanalundikana juu ya mpira uliolala chini, mwamuzi anaweza kupuliza makosa manne ao matano kwa wakati mmoja, na anachagua. Huyu hakuachia mpira, yule ameingia kwa ubavu, mwingine hakujiondoa, wa nne amelala makusudi. Wapenzi wa raga wanajua hivyo na wanakubali. Mgeni anaona lundo la watu, anasikia filimbi, anaenda kutafuta chai.

Kwenye redio ni vibaya zaidi. Wengi wa wasikilizaji wa mji huu, na karibu wote walio kwenye kambi kama Kigonze, wanafuata michezo kwa sikio. Mtangazaji wa mpira wa miguu anaweza kumchora mtu kiwanja kizima kwa maneno: yuko upande wa kushoto, anapita mmoja, anapiga. Mtangazaji wa raga atasema nini kuhusu lundo? Atasema kuna lundo. Baada ya sekunde ishirini atasema lundo lingine.

Kwa hiyo wanaosema waamuzi wameua raga wanamlaumu mjumbe. Mwamuzi anaeleza sana. Mchezo wenyewe ndio unaohitaji kuelezwa kupita kiasi, na wakubwa wake kila baada ya miaka michache wanabadilisha kitu: urefu wa kukaba, muda wa kadi, kazi ya video. Mwenye ndugu wa kumfundisha anafuata. Asiye naye anaachwa nyuma.

Jirani wamelitafutia dawa, na dawa yao inafanya kazi kwa kiasi. Wakenya waliingia kwa mlango mdogo, raga ya wachezaji saba: dakika 14, kiwanja kilekile kikubwa, malundo machache, mbio nyingi. Tarehe 17 Aprili 2016 walishinda mashindano ya Singapore kwa kuwafunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali, na Nairobi ilijua siku hiyo raga ni nini hata kwa mtu asiyejua sheria moja. Mbio zinaeleweka bila mkalimani. Kampala nayo iliandaa Kombe la Afrika la raga ya wachezaji 15 mwaka 2024 na tena 2025. Tarehe 19 Julai 2025 Zimbabwe waliwashinda Namibia 30 kwa 28 pale pale Kampala na kupata nafasi ya Kombe la Dunia la 2027 huko Australia, baada ya kukosa tangu 1991. Kampala si mbali. Wafanyabiashara wa Bunia wanaenda huko kuchukua mali na kurudi. Ni wangapi walijua kwamba mechi kubwa kama ile ilichezwa upande wa pili wa ziwa Albert?

Na damu ya Kongo haikosi kwenye mchezo huu. Yannick Nyanga, aliyechezea timu ya taifa ya Ufaransa mara nyingi, alizaliwa Kinshasa. Madosh Tambwe, winga aliyepitia Afrika Kusini na kwenda Ufaransa, naye ni mzaliwa wa Kinshasa. Wote wawili walijifunza nje, mahali penye mwalimu, kiwanja chenye majani na mpira wa umbo la yai. Hapa hata majani hayako. Kumkaba mtu na kumwangusha kwenye udongo mgumu wa kiangazi, wenye mawe, ni kumpeleka hospitali, na mzazi aliyeshapoteza nyumba hana pesa ya kulipia mkono uliovunjika. Mtu akija Bunia na mradi wa raga kwa watoto wa kambini, aulizwe kwanza habari ya majani. Aina ile ya kugusana tu bila kuangushana inaweza kujaribiwa, na wasichana na wavulana wanaweza kuicheza pamoja. Lakini kusema kwamba raga itashindana na mpira wa miguu katika Ituri ni ndoto, na hakuna sababu ya kuilazimisha.

Kitu cha kuchukua kutoka raga ni kingine, na hakigharimu franga. Ni desturi mbili: anayeongea na mwamuzi ni kapteni peke yake, na mwamuzi anasema sababu kwa sauti inayosikika. Timu inayobishana inaadhibiwa kwa kurudishwa nyuma mita 10. Mwanaume wa kilo 120 anamwita mwamuzi bwana, na anakaa kimya.

Mpira wa miguu wenyewe umeanza kuiga. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023, Australia na New Zealand, waamuzi walitangaza uamuzi wa video kwa mikrofoni mbele ya uwanja mzima. Lakini mazungumzo ya ndani bado yamefungwa. Januari 2026, fainali ya Kombe la Afrika huko Rabat kati ya Senegal na Morocco ilichezeshwa na Mkongomani, Jean-Jacques Ndala. Dakika za mwisho alienda kwenye skrini, akarudi na penalti ya Morocco. Wachezaji wa Senegal wakatoka uwanjani, mchezo ukasimama, wakarudi, penalti yenyewe ikadakwa. Hapa kuna waliomtetea kwa kuwa ni mtoto wa nchi na kuna waliomlaumu, na hakuna kati yao aliyekuwa amesikia alichoambiwa na chumba cha video. Kila mmoja alijaza kimya kile kwa mawazo yake.

Kimya cha namna hiyo, Ituri inakijua. Jimbo limekaa chini ya hali ya dharura tangu Mei 2021, na watu wamezoea maamuzi yanayoshuka bila sababu. Kwenye kiwanja cha vijana, pale timu moja ni ya kijana wa kartie na nyingine ni ya waliohama, filimbi isiyoelezwa haikai filimbi kwa muda mrefu. Mtu atauliza mwamuzi ni mtoto wa nani, anatoka kijiji gani, mama yake anasema lugha gani. Penalti inageuka kabila kabla ya mpira kuwekwa chini. Mashirika yanayoleta jezi na vikombe kwa mechi za amani yanajua hilo, na bado fedha nyingi zinaenda kwenye jezi.

Mwamuzi wa mechi hizo hahitaji mikrofoni. Kiwanja ni kidogo, watazamaji wamesimama kwenye mstari. Anahitaji kufundishwa siku moja asimame, awaite makapteni wawili, aseme kwa Kiswahili: namba 6 amemshika mwenzake jezi, nimeona mwenyewe, ni penalti. Na kama hakuona, aseme hakuona. Kapteni anajibu, wengine wanakaa mita 10. Mashindano ya likizo ya shule yatakapoanza, walimu wa michezo wa Shari wanaweza kuanza na mechi moja tu, ya watoto wa msingi, ambao ndio wanaopiga kelele nyingi zaidi.