Tegu katika Tumbo la Usipa: Tubainishe Kabla ya Kutupa



Swali la juma hili linatoka Mbaha, kata iliyo ufukoni mwa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, katika Wilaya ya Nyasa ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbinga. Mama mmoja alinunua beseni la usipa wabichi. Alipoanza kuwapasua, aliona katika tumbo la samaki mmoja utepe mweupe ukijikunja taratibu. Akapasua wa pili na wa tatu, akakuta vivyo hivyo. Jirani akamwambia kwamba yule ni tegu, na atakayekula samaki wale ataota tegu tumboni. Mwingine akaongeza kwamba samaki mwenye mnyoo ni najisi. Beseni zima likamwagwa, na jioni ile watoto wakala ugali kwa chumvi. Mama anatuuliza: je, nilifanya sawa?

Jibu letu ni kwamba nia yake ilikuwa njema, lakini hukumu ilitangulia uchunguzi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Allah (s.w.) ametuamuru tubainishe habari inapotufikia, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Maulamaa huiita kazi hiyo tabayyun. Aya ile imezungumza juu ya habari za watu, lakini adabu yake inatufaa hata jikoni, kwa sababu habari isiyo sahihi juu ya chakula nayo hudhuru. Usipa ndiye kitoweo cha mwenye nacho na asiye nacho katika mwambao ule, na uvumi mmoja unaweza kuwanyima watoto kitoweo na kumnyima mjane anayeuza kwa kisado riziki yake.

Basi tubainishe. Jirani alisema kweli kwamba yule mnyoo ni wa jamii ya tegu. Wataalamu humwita Ligula. Maisha yake ni safari ya nyumba tatu. Akiwa mzima hukaa katika utumbo wa ndege walao samaki, kama vile mnandi. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi cha ndege na kuanguka ziwani. Yakianguliwa, mtoto wa tegu humezwa na kijidudu cha majini cha jamii ya kamba, kidogo kama punje ya chumvi. Usipa, ambaye chakula chake ni vijidudu vya namna hiyo, humla pamoja na mgeni aliyemo ndani yake. Katika tumbo la usipa tegu hukua mpaka pengine akapita urefu wa samaki mwenyewe, na humzuia samaki asipevushe mayai. Ndege akimmeza usipa huyo, safari huanza upya.

Hayo si maneno ya kubahatisha. Mwaka 2018, Nestory Gabagambi na Arne Skorping walichapisha utafiti kuhusu kuenea kwa tegu huyu katika usipa wa Ziwa Nyasa. Mwaka uliofuata, wao na wenzao walieleza kwamba tegu humbadilisha usipa mwenendo, lakini ni baada tu ya tegu kufikia hali ya kuweza kuishi ndani ya ndege. Kabla ya hapo humwacha samaki aendelee na maisha yake kama kawaida. Subhanallah! Hata kiumbe tunayemchukia amepewa mpango na wakati wake.

Katika mpango huo binadamu hayumo. Nyumba za tegu huyu ni kijidudu, samaki na ndege. Tegu anayewapata watu katika nchi yetu hutokana zaidi na nyama isiyoiva. Ni kweli kwamba wapo tegu wengine wa samaki wanaoingia kwa watu, lakini hao huwapata wale wanaokula samaki mbichi, hasa katika maziwa ya nchi za baridi. Usipa aliyeiva sawasawa kwa kuchemshwa au kukaangwa hana tegu aliye hai wa kumdhuru mlaji.

Sasa, tutamtambuaje? Si kila kilicho cheupe katika samaki ni tegu, wala si kila mdudu ana maana moja.

Tegu wa usipa ni bapa kama utepe au utambi wa taa, mweupe au wa rangi ya maziwa. Hukaa katika uwazi wa tumbo, nje ya utumbo, wala hachimbi katika mnofu. Samaki akiwa mbichi, tegu huonekana akijikunja. Dalili ya nje ni tumbo lililofura kuliko la wenzake.

Mayai ya samaki nayo hufurisha tumbo, na wengi huyachanganya na tegu. Lakini mayai hukaa katika vifuko viwili, na ukiyatazama kwa karibu utaona punje punje. Mafuta ya samaki ni laini na hubonyea kidoleni bila kubaki na umbo. Wala mayai wala mafuta hayajikunji.

Chawa wa samaki huonekana nje, juu ya ngozi au karibu na mashavu. Ni bapa, wa mviringo, karibu waone ndani kama kioo, na hutembea. Huyu huondoka kwa kusugua na kuosha.

Wa mwisho ni funza katika usipa waliokaushwa. Ni mfupi, mnene kidogo, mwenye pingili, naye hakutoka ziwani. Ameletwa na nzi baada ya samaki kufa, hasa katika masika, jua linapokuwa hafifu na usipa wakachelewa kukauka. Huyu ndiye wa kuogopwa zaidi jikoni, kwa kuwa anatupa habari kwamba samaki ameanza kuoza. Tegu anaweza kuwamo katika samaki aliyevuliwa usiku uliopita. Funza ni shahidi wa uzembe wa muanikaji.

Ama kuhusu unajisi, asili ya mavuo ya majini ni halali, kama Suratul Maida, aya ya 96, inavyotufundisha, na samaki hawi najisi kwa kuwa na mnyoo ndani yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, maulamaa wameusamehe mnyoo uliotokana na chakula, kama ule wa tunda au siki, ukiliwa pamoja na chakula hicho, lakini si kuutoa ukaliwa peke yake. Vilevile wamesamehe kilichomo tumboni mwa samaki wadogo kwa sababu ya uzito wa kuwasafisha mmoja mmoja. Tegu mkubwa anayeonekana hana uzito huo, basi atolewe, samaki aoshwe, apikwe mpaka aive, na aliwe kwa bismillahi. Mwenye kutaka ufafanuzi zaidi amwendee sheikh wa msikiti wake.

Matumbo yaliyotolewa yasitupwe mchangani wala majini, kwani ndege atayaokota na tegu atapata alichokuwa akikingojea. Yafukiwe. Na muuzaji asiwachanganye samaki wenye funza na walio wazima. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea mwenye mali kwa udanganyifu huo.

Ndugu msomaji, tungeweza kuishia hapa, lakini jambo moja limetukaa moyoni. Mama yule alimwaga beseni kwa mnyoo aliyemwona. Je, tunafanya nini juu ya mnyoo tusiyemwona? Watoto wetu huoga na kuchota maji kandokando, penye maji yaliyotulia na majani. Hapo ndipo wanapoishi konokono wanaobeba minyoo ya kichocho. Minyoo hiyo hutoka kwa konokono mchana, jua likiwa juu, nayo hupenya ngozi bila mtu kuhisi wala kumeza kitu. Mtoto akikojoa damu, wapo wazee wanaosema kwamba ni dalili ya kukua. Si kukua, ni ugonjwa, na dawa yake, prazikwanteli, ipo. Apelekwe kituo cha afya.

Upande wa Malawi wa ziwa hili hili, watafiti wakiongozwa na Jay Stauffer walieleza jinsi samaki walao konokono walivyopungua kwa kuvuliwa kupita kiasi katika maji ya kandokando, konokono wakaongezeka, na kichocho kikaongezeka. Kwa hiyo nyavu zinazokokotwa ufukoni bila kiasi hazipunguzi samaki peke yake, bali huwafungulia konokono mlango.

Na hapa tunaona rehema ya mafundisho ya dini yetu. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama kisha mtu akaoga humo, na akaonya dhidi ya kujisaidia penye vyanzo vya maji. Mayai ya kichocho huwafikia konokono kwa njia hiyo hiyo, kupitia mkojo na kinyesi. Familia inayoishika adabu hiyo inalinda tohara yake na inalinda vibofu vya watoto wa jirani.

Basi tunamwambia mama yetu wa Mbaha: safari ijayo usimwage. Pasua, toa, osha, pika. Hofu uliyokuwa nayo kwa utepe ule mweupe uihamishie kwenye maji ya kandokando anakoogelea mwanao adhuhuri, na umuulize leo hii kama mkojo wake una damu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.