Asidi ya Tumbo Si Adui Yako

Msomaji, ikiwa umemeza omeprazoli kila asubuhi tangu mwaka jana kwa sababu ya kiungulia, na sasa ukipanda ngazi unahema, usikimbilie dawa ya kuongeza damu. Huenda dawa ya kwanza inaizuia ile ya pili isifanye kazi.

Wagonjwa wangu wa Pap Onditi, huku Nyakach, hula zaidi ugali na mboga: osuga na apoth, yaani mnavu na mrenda. Madini ya chuma yaliyomo humo si kama yale ya nyama na samaki, ambayo hufyonzwa kwa urahisi. Ya mboga sharti yayeyushwe kwanza na asidi ya tumbo ndipo utumbo mdogo uyapokee. Asidi ikipungua, mengi hutoka na choo. Vidonge vya chuma anavyopewa mama mjamzito kliniki navyo huitegemea asidi hiyo hiyo.

Isitoshe, sisi hupika mrenda kwa magadi. Ni mtamu, sikatai, lakini magadi huharibu vitamini C, na vitamini C ndiyo msaidizi mkuu wa chuma.

Mwaka 2011 idara ya Marekani inayosimamia dawa ilionya kwamba kumeza dawa za jamii ya omeprazoli kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka mmoja, huweza kupunguza madini ya magnesiamu mwilini. Misuli hukaza, na moyo huweza kupiga ovyo. Hata hivyo, watu huzinunua dukani kama peremende!

Sisemi uzitupe. Aliyewahi kutoka damu tumboni, au anayemeza diklofenaki kila siku kwa maumivu ya magoti, asiziache kabla ya kumwona daktari. Lakini vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimkuza maabarani mwaka 1982. Huyo huuawa kwa viuavijasumu, kwa kawaida siku 14. Omba upimwe choo, na umwambie daktari kwamba unatumia omeprazoli: isipoachwa wiki mbili kabla, kipimo huweza kudanganya.

Damu ikiwa kidogo, pimwa malaria na minyoo kwanza, maana kandokando ya ziwa hao ndio wezi wakubwa. Kisha meza kidonge cha chuma kwa maji ya machungwa au ya ndimu. Chai isubiri saa mbili.